Sauti Iliyosafishwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cyuzuzo alifagia veranda ya nyumba yao mtaani Nengo, mjini Gisenyi, akachemsha chai ya maziwa, akamwashia baba yake redio sebuleni. Baba yake, Bwana Rugwiro, aliuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa amezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, na ingawa alirudi Rwanda akiwa kijana, Kiswahili cha huko hakikumtoka mdomoni. Alikitunza kama watu wengine wanavyotunza suti ya harusi. Fundi akija dukani na kusema, "Patron, sementi iko kidogo," Baba hujibu kwanza, "Saruji ni kidogo, rafiki yangu," ndipo aanze kumhudumia.

Cyuzuzo alikua akiyasikia hayo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika darasa lake hapakuwa na mtu wa kumpita katika Kiswahili. Wenzake wengi walizungumza Kinyarwanda nyumbani, na Kiswahili walikiokota mjini, kilekile kinachovuka mpaka kila siku kutoka Goma, Kongo. Cyuzuzo aliwacheka kimoyomoyo.

Siku moja Mwalimu Donatille, aliyewafundisha Kiswahili na maarifa ya jamii, aliingia darasani bila kitabu.

"Mkitaka kuujua mji wenu mtafanya nini?" aliuliza.

"Tutasoma," alijibu Ganza, mvulana aliyekaa dawati moja na Cyuzuzo.

"Kitabu gani, Ganza?"

Ganza alikuna kichwa. Wenzake wakacheka.

"Basi tutausikiliza," alisema Mwalimu. "Mtakwenda na simu, wawili wawili, muwaulize watu swali moja tu: Gisenyi inaamkaje? Mtarekodi majibu yao pamoja na sauti zinazowazunguka. Tukizipanga tutapata podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu hukisikiliza kwenye simu wakati wowote apendao. Lakini kwetu sisi huo utakuwa utafiti. Karatasi ingetupa maneno ya mtu. Sauti inatupa na mtu mwenyewe: anapositasita, anapocheka, anapokataa kujibu. Na msimrekodi mtu kabla ya kumwomba ruhusa."

Wengine walipewa soko, wengine barabara ya Grande Barrière, pale watu wanapopanga foleni kuvuka kwenda Goma. Cyuzuzo na Ganza walipewa mwalo, mahali wavuvi wa isambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, wanapofikisha mitumbwi yao.

Jumamosi walifika mwaloni mapema, Cyuzuzo ameazima simu ya mama yake. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kutia nanga, mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi. Wanawake wenye mabeseni walikuwa wakibishana bei. Mvuvi mmoja mzee, mwenye kofia ya sufu iliyotoboka, alikuwa amekaa juu ya ndoo akishona wavu.

"Shikamoo, mzee," alisema Cyuzuzo.

Mzee aliinua kichwa, akaita wenzake. "Eh! Mumesikia? Shikamoo! Huyu ni mutoto wa Tanzania. Marahaba, madame."

Wavuvi walicheka. Jina lake lilikuwa Wellars, na alipoelezwa jambo lililowaleta, alikubali kabla hata hawajamaliza. Aliisogelea simu karibu mno, kama anataka kuila.

"Mzee, Gisenyi inaamkaje?"

"Inaamkaka mara mbili," alisema Wellars. "Ya kwanza ni ya masikio. We uko kwa kitanda, hauwezi kujua. Mi niko kule mbali kwa maji, giza ingali, donc macho haina kazi. Nasikia jogoo. Ya Goma, ya Gisenyi, zote. Jogoo haiombake karatasi ya kuvuka." Alikohoa, akamfokea kijana mmoja aliyekanyaga wavu, kisha akarudi. "Nilikuwa wapi? Bon. Kiisha jogoo, nasikia kengele ya kanisa. Halafu injini. Zamani hakukuwa injini mingi. Sasa zinaanza na mapema, mutu anasema mji unaumwa tumbo."

Ganza alicheka mpaka akakaa chini. Mzee aliongea mpaka jua likapanda, akiruka kutoka jambo hili hadi lile. Mara nyingine alinyamaza kabisa, akitazama maji, na Cyuzuzo hakujua kama amemaliza au anafikiri. Mwishoni mzee aliuliza, "Sasa hii sauti yangu inaenda wapi?"

"Shuleni, mzee."

"Shule!" Wellars aliwageukia wenzake. "Mumesikia? Mi sikufika shule, sauti yangu inafika."

Njiani Ganza alikuwa akirukaruka. "Yule mzee ni kipindi kizima peke yake!"

Cyuzuzo alikuwa akiitazama simu. "Umesikia alivyosema 'macho haina kazi'?"

"Nimesikia. Kwani hukuelewa?"

"Kuelewa si hoja. Siku ya wazazi kipindi kitachezwa mbele ya watu wote. Baba yangu atakuwepo."

Jioni ile alikaa chumbani akaisikiliza sauti ya mzee. Kila "iko" na kila "mutu" ilimchoma kama mwiba. Alichukua karatasi, akayaandika maneno ya mzee upya, akiyanyoosha moja baada ya jingine. Baba yake mdogo, Sano, alipopita kuwasalimu, alimvuta kando. Sano alikuwa mshereheshaji wa harusi. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Karagwe vilevile.

"Nisomee haya, Baba Mdogo. Taratibu, kama mzee."

"Mzee yupi?"

"Mvuvi mmoja. Maneno ni yake, mimi nimeyapanga tu."

Sano aliishusha sauti yake isitambulike, akasoma kwa madaha. Walipofika katikati simu ilikataa: nafasi imejaa. Cyuzuzo alitafuta cha kufuta. Kulikuwa na picha za mama yake za kipaimara, video za kwaya, na rekodi ndefu ya mwaloni. Ile rekodi ya nini tena, na nzuri zaidi inapatikana? Aliifuta. Sano akasoma mpaka mwisho.

Ganza alipoisikiliza shuleni alikunja uso. "Huyu si mzee Wellars."

"Maneno ni yake."

"Na sauti?"

"Sauti ni nguo tu, Ganza. Nimembadilisha nguo."

Ganza aliinua mabega. Aliyekuwa wa kwanza katika Kiswahili ni Cyuzuzo, si yeye.

Siku ya wazazi kipindi kilichezwa kwa spika kubwa uwanjani. Sauti ya Sano ilipoanza, watu walitulia. Bwana Rugwiro hakumtambua ndugu yake; alitikisa kichwa kwa furaha. "Huyo mvuvi amesomea wapi?" aliuliza. Mwalimu Donatille, ambaye hakuwahi kukutana na Wellars, alimpigia Cyuzuzo makofi mbele ya wote. Kipindi kikaingia kwenye simu za wazazi, kikasambaa. Hakuna aliyekumbuka kukipeleka mwaloni.

Kabla mwezi haujaisha, Wellars alianguka ghafla akianika nyavu. Walimbeba kwenda hospitali, lakini hakufika akiwa hai.

Habari hiyo ilimfikia Cyuzuzo kwa miguu ya mjane mwenyewe. Walikuwa darasani, mlango ukabishwa, akaingia mama mfupi aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Mukagatare, mke wa Wellars, muuza isambaza katika soko la Mahoko.

"Mwalimu, unisamehe kukatisha kazi," alisema. "Nimekuja kwa sauti ya muzee. Alikuwa anasema kila siku, sauti yangu iko kwa shule, mi niko profesa." Alitaka kutabasamu, haikuwezekana. "Picha tuko nayo moja tu, ya kitambulisho, na pale hata hacheki. Binti yetu Alliance alikuwa Bukavu. Alifika kaburi imekwisha kufukiwa. Jumamosi tunamaliza ikiriyo, matanga ya muzee, na anaomba amusikie baba yake mara moja tu. Mara moja."

"Pole sana, mama," alisema Mwalimu Donatille, akamshika mikono yote miwili. "Sauti ipo. Cyuzuzo ataileta mwenyewe, nami nitakuja. Sivyo, Cyuzuzo?"

Darasa zima liligeuka. Ganza alitazama dawati.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Cyuzuzo. Hakujua neno lile lilitokaje.

Baada ya masomo alikimbia kwa fundi wa simu karibu na soko. Fundi alibonyeza hapa na pale, akaichomeka simu kwenye kompyuta yake, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Uliifuta, kisha ukarekodi vitu vingine?"

"Ndiyo."

"Ni kama kiti cha kanisani, dada. Ukiondoka, mwingine anakaa. Sasa utamwambia nani ainuke?"

Alikwenda kwa Sano. Alimweleza yote, akamwomba jambo ambalo hata yeye alilionea haya wakati analisema: aigize sasa kama Wellars mwenyewe, na kikohozi chake, na "mutu" yake. Sano alikohoa kidogo, akaanza, "Mi naitwa Wellars..." Ilitoka kama kichekesho cha harusini. Alinyamaza katikati.

"Hapana, Cyuzu. Mtu amekufa. Ningejua unaifuta ya kwake nisingesoma hata neno moja. Nenda kwa mwalimu wako leo hii."

Alikwenda mpaka langoni kwa Mwalimu Donatille. Alisikia vyombo vikioshwa ndani. Alisimama pale mpaka mbwa wa jirani alipoacha kumbwekea, kisha akarudi nyumbani. Usiku aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta nao. Siku zilikuwa zinamsukuma kuelekea Jumamosi, na hakuwa na mahali pa kushika.

Jumamosi ua wa Mukagatare ulijaa. Wavuvi walikuwa wameoga na kuvaa makoti. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mmoja mmoja walisimama kumsema marehemu, kama ilivyo desturi siku ya kumaliza ikiriyo. Cyuzuzo aliketi kati ya Ganza na Mwalimu, simu mapajani.

"Mwambie," Ganza alinong'ona.

"Nani?"

"Yeyote!"

Cyuzuzo alifungua mdomo kumwita Mwalimu. Wakati huohuo Mukagatare alisimama. "Wapenzi wangu, munyamaze kidogo. Watoto wa shule wametuletea Wellars."

Alliance, msichana mrefu mwenye macho yaliyovimba, alikuja akaichukua simu mikononi mwa Cyuzuzo. "Aksanti, mudogo wangu," alisema. Aliiunganisha na spika, akaiweka juu ya kiti kitupu.

Sauti ilitoka, nzito na tamu. "Mji wetu wa Gisenyi huamka mara mbili. Mara ya kwanza huamka kwa masikio..."

Watu walitazamana. Mvuvi mmoja aitwaye Jado, aliyevua katika mtumbwi mmoja na Wellars, aliuliza, "Huyu ni Mutanzania gani?"

"Nyamaza, Jado," alisema Mukagatare. "Ni mutangazaji. Wacha amalize, muzee ataongea."

Wakangoja. Mukagatare alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliye mlangoni akisikiliza hatua za mgeni. Alliance alikuwa ameshika mkono wake. Sauti iliendelea, ikaeleza jogoo, ikaeleza kengele, ikasema, "na sauti ya kwanza niipokeayo ufukweni ni ya mke wangu mpendwa." Mukagatare hakutikisika. Alikuwa bado anamngoja mumewe. Cyuzuzo alitaka ardhi ipasuke immeze. Alitaka kipindi kisiishe kamwe.

Kiliisha.

"Sasa yeye anaongea wapi?" aliuliza Alliance. Aliigusa simu. "Inaendelea wapi?"

Cyuzuzo alijikuta amesimama.

"Haiendelei," alisema. "Yeye hayumo. Huyo ni baba yangu mdogo. Mzee niliyemrekodi nilimfuta. Nimejaribu kumrudisha, nimeshindwa. Nisameheni."

Alliance alimtazama kana kwamba hajaelewa lugha. Kisha aliachia mkono wa mama yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Walimsikia akilia, na mtu mzima kulia vile Cyuzuzo hakuwahi kusikia.

"We mutoto," alisema Mukagatare polepole. "Sauti yake ilikukosea nini?"

"Niliona... niliona Kiswahili chake si kizuri."

"Na samaki aliyokula Kigali nzima," alisema Jado kwa uchungu, "aliivua kwa Kiswahili ya nani?"

Mwalimu Donatille alikuwa ameinuka, uso umemshuka. Alianza kusema, lakini Mukagatare alimzuia kwa kiganja.

"We ulimusikia? Kwa masikio yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hayo maneno yake wewe ndiyo uliyasikia, sisi hapana. Kaa hapa." Alionyesha kile kiti, akaiondoa simu. "Sema. Na usisafishe kitu."

Cyuzuzo aliketi mbele ya watu wote. Alianza kwa Kiswahili chake, akajikata, akaanza tena. Alisema jinsi mzee alivyoisogelea simu kama anataka kuila. Alisema jogoo haiombake karatasi ya kuvuka, na mabenchi ya wavuvi yakacheka kabla hawajakusudia. Alisahau kilichofuata. Ganza akamkumbusha kengele. Walipofika kwenye mji unaoumwa tumbo, Jado alisema, "Hapana, hapo lazima alishika tumbo yake hivi," akaonyesha, na wote wakajua ni kweli.

"Na kule pa 'mke wangu mpendwa'?" aliuliza Mukagatare. "Miaka yote hakunitamkia hiyo neno."

Cyuzuzo aliinamisha macho. "Hakulisema. Alisema, 'Nikisikia mwanamuke anagombana na beseni, najua nimefika kwangu.'"

Mukagatare alifunika uso kwa kitambaa. Mabega yake yalitikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka na kulia pamoja. Mlango ulifunguka. Alliance alitoka, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake.

"Rudia," alimwambia Cyuzuzo. "Kuanzia mwanzo."

Alirudia. Mahali pengi hakukumbuka, na hapo alisema, "Hapa sikumbuki." Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kila aliposema hivyo Alliance alifumba macho.

Jumatatu Bwana Rugwiro, ambaye Sano alikuwa amemweleza kila kitu, alimsindikiza binti yake shuleni. Langoni alisema, "Nami dukani nitajifunza kunyamaza." Darasani Cyuzuzo alirekodi kwa sauti yake mwenyewe maneno ya kuanzia kipindi upya: kwamba mliyemsikia si Mzee Wellars, kwamba Mzee Wellars amefariki, na kwamba sauti yake niliifuta mimi. Mukagatare alikuwa ameruhusu kipindi kiwe na wavuvi wenzake wakimsimulia, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Kilitumwa kwa kila mzazi aliyepokea kile cha kwanza, na kwa Alliance aliyekuwa amerudi Bukavu.

"Sikilizeni," alisema Mwalimu Donatille, amesimama mbele bila kitabu kama siku ile ya kwanza. "Tulitaka kuujua mji wetu, kisha tukaulazimisha useme kama sisi. Hata mimi niliifurahia ile sauti tamu, sikuuliza ni ya nani. Utafiti ni kusikiliza. Ukibadilisha ulichokisikia ili kipendeze, umedanganya, hata kama maneno umeyaacha. Na umemwonea mtu haya ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Mtu akikupa sauti yake, ipokee jinsi ilivyo, itunze, na umrudishie aisikie angali hai."

Ganza aliinua mkono. "Mwalimu, kosa si limesahihishwa sasa?"

"Uongo umesahihishwa."

"Na sauti ya mzee?"

Mwalimu Donatille alimtazama Cyuzuzo, na hakutafuta neno la kumfariji.

"Hairudi," alisema. "Ndiyo sababu nawafundisha mapema."